Meli, Dau au Chombo? Uhakiki wa Istilahi za Makumbusho ya Vyombo vya Baharini

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi kwa barabara hufika Nangurukuru, penye njia panda, na hapo ndipo anapoiacha barabara kuu na kushika ile ya kushoto endapo safari yake ni ya Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko. Nangurukuru haina gati wala forodha. Hata hivyo, kila aendaye kwa njia ya nchi kavu kuyatazama magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hupita hapo, na vibao vya njiani ndivyo vinavyomweleza kwanza anakokwenda na atakachokiona. Tumepachagua mahali hapa makusudi. Tuseme siku moja yaamuliwa kwamba Kilwa, bandari iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, iwe na makumbusho ya kutunzia vyombo vya kale vya baharini. Kibao kitakachosimikwa Nangurukuru kiandikweje? Swali hili si la mchezo, maana wafasiri wetu wamekwisha kulijibu kabla ya kuulizwa, katika vijitabu vya watalii, katika maelezo ya maonyesho na katika hotuba, na majibu yao hayaturidhishi.

Tuanze na sentensi ambayo, kwa maneno haya haya au kwa yaliyo karibu nayo, msomaji huikuta kila panapotafsiriwa habari za namna hii: "Haya ni makumbusho ya bahari yanayohifadhi meli na madau ya kihistoria." Sarufi yake haina dosari, na mwalimu hawezi kuitilia wino mwekundu. Lakini mtu aliyezaliwa na kukulia Kilwa Kivinje, akitaka kueleza jambo hilo hilo kwa mwenziwe, asingelipita njia hiyo hata kidogo. Mpango wa sentensi umetoka katika Kiingereza, na maneno ya Kiswahili yameitwa tu kuja kuziba nafasi. Katika makala haya twakusudia kuyapima maneno hayo moja moja, ijapokuwa hayatatuchukua muda ulio sawa.

Neno meli si la kale. Lilizaliwa kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, kwa kuwa merikebu za moshi zilizokuja pwani katika karne ya 19 zilichukua barua. Kabla yake palikuwapo merikebu, na merikebu iliyochukua mizinga ikaitwa manowari, neno ambalo nalo tuliliokota midomoni mwa mabaharia wa Kiingereza, likapata uraia hata leo hakuna anayelishuku. Basi mtu anapoandika kwamba Francisco de Almeida aliingia Kilwa mwaka 1505 na "meli" zake, anawapandisha Wareno wa karne ya 16 katika chombo cha moshi. Hatusemi kwamba neno hili lifukuzwe. Katika mazungumzo ya leo limekwisha kupanuka, na mwalimu wa historia halaumiwi kwa kulitumia darasani. Lakini makumbusho ni mahali ambapo tofauti ya zama ndiyo bidhaa yenyewe inayoonyeshwa. Chombo kinachostahili kabisa jina hilo tunacho nchini: ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ambako mafundi waliiunga na kuishua mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza kazi upya mwaka 1927. Hiyo ni meli. Ile Santo António de Tanna ya Wareno, iliyozama mbele ya Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1697, na ambayo wapiga mbizi waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, ni manowari ya matanga. Vitu vilivyotolewa humo vinaonyeshwa ndani ya ngome hiyo. Mtoto wa shule akisomewa kwamba hii ni meli na ile ni meli, atatoka amepungukiwa na jambo moja alilopaswa kulipata.

Hayo ni madogo yakilinganishwa na yale yaliyolipata neno dau. Waingereza wana neno lao "dhow", ambalo wataalamu wangali wanabishana juu ya asili yake, wengine wakidai kwamba lilitokana na dau letu wenyewe. Kwa Mwingereza neno hilo lina maana ya chombo chochote cha matanga cha Bahari ya Hindi kilichoundwa kwa ufundi wa watu wa huku, kiwe kikubwa au kidogo, cha Mwarabu, cha Mhindi au cha Mswahili. Ni neno la mtu aliyesimama mbali akitazama tanga kwenye upeo wa macho. Sasa mfasiri wetu akikutana nalo, husikia mlio wa dau ndani yake, akafurahi kwamba amempata ndugu aliyepotea, akaandika dau. Na kwa kuandika hivyo, jahazi limekuwa dau, mashua imekuwa dau, sambuki imekuwa dau, bagala na betili na bedeni zote zimekuwa dau, na dau lenyewe limenyang'anywa jina lake na halikupewa jingine.

Dau ni chombo mahsusi. Limechongoka omo na limechongoka tezi, na hapo ndipo linapotengana na mashua, ambayo tezi yake hukatwa. Jahazi ni kubwa kuliko hayo yote mawili na kazi yake ni mizigo ya safari ndefu. Ngalawa huchongwa katika gogo moja, kisha hutiwa mirengu miwili isipinduke. Ukiiondolea mirengu hiyo umerudi karibu na mtumbwi. Tofauti hizi hazikubuniwa na wanachuoni. Mvuvi huzitaja kama mkulima atajavyo aina za mpunga, kwa sababu chombo kinachofaa ndani ya mlango wa bahari wa Kilwa si hicho kitakachomfikisha mtu Mafia au Unguja. Nao jirani zetu wa Oman hawana neno moja la kuvikusanya vyombo vyao kwa namna afanyavyo Mwingereza. Mjini Sur kipo chombo kiitwacho Fatah al-Khair, kilichonunuliwa kutoka Yemen mwaka 1993 na kurudishwa mji kilikoundwa, nacho kwa watu wa Sur ni ghanja, basi.

Itaulizwa: je, pasipo dau, mfasiri aliyepewa neno la jumla atumie nini? Jibu limo katika lugha tangu zamani, na linashangaza kwamba laachwa. Ni chombo. Yamkini mfasiri huliogopa kwa sababu chombo ni pia sahani na sufuria, na siku hizi ni chombo cha habari na chombo cha dola. Hofu hiyo haina msingi. Mtu wa pwani akisema "chombo kimetweka" hakuna anayedhani kwamba sufuria imetweka. Na pale ambapo shaka yaweza kutokea, kama kwenye kibao cha njiani ambacho hakina maneno mengine ya kukisaidia, huongezwa neno moja tu: chombo cha baharini, au chombo cha tanga. Kamusi za zamani, kuanzia ile ya Krapf ya mwaka 1882 hadi ile ya Johnson na ile ya Sacleux, ambazo zote mbili zilitoka mwaka 1939, zimesheheni maneno ya vyombo na ya sehemu zake. Anayefasiri habari za bahari bila kuzifungua anajinyima bure.

Kuhusu "ya kihistoria" tutasema machache. Kivumishi hiki kimekuwa kama chumvi inayotiwa katika kila mchuzi: ziara ya kihistoria, ushindi wa kihistoria, jengo la kihistoria. Kikitajwa juu ya mashua hakimwambii mtu lolote, maana mashua iliyoshuliwa mwaka jana nayo ina historia yake. Serikali yetu ilikwisha kuchagua neno jema zaidi ilipoiita idara yake Mambo ya Kale. Chombo cha kale kinaeleweka, na kinampa mwonyeshaji wajibu wa kusema ni cha kale kiasi gani.

Sasa tumefika kwenye neno zito kuliko yote, nalo ni hifadhi. Hapa kuna hatari ya namna mbili, na ya kwanza ni ya watu, si ya mbao. Katika mwambao huu neno hifadhi limekwisha kuchukuliwa na sheria. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliundwa mwaka 1995, na kwa mvuvi wa maji haya, tangu Mafia hadi Kilwa, hifadhi ya bahari ni mahali penye masharti: nyavu hizi zinaruhusiwa, zile zimekatazwa, hapa utavua, pale hutavua. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Matumbawe yana haki ya kulindwa. Lakini andika "Hifadhi ya Vyombo vya Bahari" pale Nangurukuru, na mvuvi anayerudi sokoni atasoma habari ya kwamba sasa zamu imekifikia chombo chake. Mtumishi wa serikali atakayetumwa vijijini kuomba mashua kuukuu kwa ajili ya maonyesho atafungiwa milango, wala hatajua ni neno gani lililomfungia.

Hatari ya pili ni ya mbao, nayo ndiyo inayogusa kiini cha makumbusho ya namna hii popote duniani. Mjini Stockholm yapo makumbusho ya Vasa, manowari iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuibuliwa mwaka 1961. Mbao zake zilikuwa zimejaa maji kwa zaidi ya miaka 300, na kama zingeachwa zikauke zenyewe zingalipasuka na kusinyaa. Kwa hiyo zilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 mfululizo kabla ya kuachwa zikauke polepole. Huko, kuhifadhi ni kuzuia kila kitu kisibadilike. Mashua ya Kilwa ina tabia iliyo kinyume. Mashua huishi kwa kuloa. Ikipandishwa nchi kavu na kuwekwa chini ya paa, mbao zake hukauka, maungo hufunuka, na pamba iliyokalafatiwa humo hudondoka. Fundi anayetaka iendelee kuwapo huiteremsha majini, kisha kwa majira huipweza ufukoni, akaiparuza chini, akaikalafati upya, akaipaka deheni ya chokaa na mafuta, na mbao za juu akazipaka sifa. (Tunatahadharisha hapa kwamba sifa hii ni mafuta ya samaki, yenye harufu isiyosahaulika, tusije tukamwona mfasiri akieleza kwamba mabaharia huzisifu mbao zao.) Ubao uliooza hung'olewa ukatiwa mwingine. Baada ya miaka mingi hubaki mkuku na mataruma machache, pengine hata hayo hayabaki, na chombo bado kinaitwa kwa jina lile lile.

Je, hicho kimehifadhiwa au hakikuhifadhiwa? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa neno moja, na ndiyo sababu neno moja halitoshi. Twapendekeza kazi hizi zigawanywe. Uangalizi wa kila siku na wa kila majira, kama tulivyoueleza, uitwe kutunza. Kung'oa kilichooza na kutia kipya uitwe kukarabati, na kila palipokarabatiwa paandikwe, ili mtazamaji ajue ni ubao upi wa kale na upi wa juzi. Kukirudisha chombo katika sura kilichokuwa nayo wakati fulani uliotajwa, kwa mfano kuiondoa mashine iliyotiwa baadaye na kukirudishia mlingoti, foromali na tanga, uitwe kurudishia. Neno kuhifadhi libakie kwa kazi kama ile ya Stockholm, yaani kuzuia uharibifu wa kitu ambacho hakitatumika tena. Mtu akishaambiwa kwamba mashua hii imetunzwa, ile imekarabatiwa, na ile nyingine imerudishiwa sura yake ya kabla ya mashine, ameelezwa mambo matatu ya kweli. Akiambiwa kwamba zote zimehifadhiwa, hakuelezwa hata moja.

Vitenzi vingine viwili vimeachwa vikapotea pasipo sababu. Chombo huundwa, hakijengwi. Nyumba ndiyo ijengwayo. Na chombo kipya kikiteremshwa majini kwa mara ya kwanza, kazi hiyo ni kushua. Siku hizi twasoma kwamba meli "imezinduliwa", kama kwamba ilikuwa imesinzia. Uzinduzi ni wa wageni wa heshima na utepe. Kushua ni kwa watu wenye kamba na magogo. Yote mawili yaweza kufanyika siku moja, lakini si jambo moja.

Mtepe watutaka uangalifu wa pekee. Huu ulikuwa chombo ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ufundi huo ni wa kale mno: mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1 aliyeeleza njia za biashara za bahari hii aliutaja mji wa Rhapta, na jina hilo kwa lugha yake latokana na vyombo vilivyoshonwa. Mfasiri asiandike kwamba mbao "zilifungwa". Kufunga ni kuzungushia kamba. Kushona ni kutoboa na kupitisha, na tofauti hiyo ndiyo iliyoupa mji jina. Mitepe ya kweli ilikwisha kutoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, nayo yote ionyeshwayo leo iliundwa baadaye. Makumbusho ya Lamu yana mifano midogo. Katika ua wa Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mjini Unguja mwaka 1883, na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, uliwekwa mtepe wa ukubwa wa kawaida ulioundwa mwanzoni mwa karne hii. Vyote hivi kwa kawaida huitwa mfano. Neno hilo limechoka: mfano ni kielelezo, mfano ni hadithi yenye mafunzo, mfano ni kitu cha kuigwa. Twapendekeza kwamba kile kidogo cha kuwekwa mezani kiitwe kielelezo, na kile cha ukubwa wa kweli, kilichoundwa kwa kufuata chombo kilichotoweka, kiitwe mwigo. Huenda wengine watasema kwamba mwigo una harufu ya dharau, kama kuiga kwa kejeli. Sisi hatuoni hivyo. Fundi huanza kwa kuiga, na asiyetaka mwigo ujulikane kuwa mwigo ana jambo analolificha.

Neno makumbusho lenyewe hatuna la kulilaumu. Latokana na kukumbusha, na ni zuri kuliko maneno ya lugha nyingi kwa kitu hicho, ingawa jijini Dar es Salaam limekwisha kupata kazi ya pili: mtu akimwambia kondakta "nishushe Makumbusho" huwa anataka kituo cha mabasi. Kinachotusumbua ni "makumbusho ya bahari". Bahari haijasahaulika hata ikahitaji kukumbushwa, na msomaji wa kibao atategemea kuonyeshwa samaki. Kinachotaka kukumbushwa ni vyombo na kazi za mabaharia. Kwa hiyo maneno ambayo tungeyakubali pale njia panda ni "Makumbusho ya Vyombo vya Baharini", pasipo kihistoria na pasipo hifadhi. Ni marefu kidogo kwa mchoraji wa vibao, lakini yanasema yaliyomo.

Kilwa ina sababu yake ya kutotaka maneno ya kuazima kwa mwonyeshaji wa mahali pengine. Katika lipu ya kuta za magofu ya Kisiwani na Songo Mnara zimechanjwa picha za vyombo, pamoja na milingoti na kamba zake, kazi ya watu walioviona kwa macho yao. Mbao za vyombo hivyo zimekwisha kuoza, na picha zimebaki. Magofu hayo yaliandikishwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014, na juhudi zote hizo zilihusu mawe na chokaa. Maneno hayana orodha kama hiyo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, mzigo mwingi uliokuwa ukingojea kaskazi na kusi hupita Nangurukuru katika malori. Kijana anayepakia hapo hujua tairi, tela na spea, na hatumlaumu, kwa kuwa ndiko iliko riziki yake. Babu yake alijua joshi na demani, jarari na henza. Kama maneno hayo hayakuandikwa kando ya kitu kinachoitwa hivyo, mahali ambapo mtoto aweza kukigusa, kamusi peke yake haitayaokoa, maana neno la kamusi lisilo na kitu cha kuonyeshwa husomwa likapitwa.

Tutoe kielelezo cha maelezo tunayoyataka. Badala ya "Dau la kihistoria lililohifadhiwa", bango lililo mbele ya chombo lingesema hivi: "Mashua ya mizigo. Iliundwa Kilwa Kivinje," na hapo litajwe jina la fundi na mwaka. "Mkuku ni wa asili. Mataruma manne ya upande wa tezi na mbao zote za juu zimekarabatiwa. Tanga ni la mwigo. Hupakwa sifa na deheni kila mwaka." Hakuna humo neno lililobuniwa ofisini, na mgeni akitaka tafsiri ya Kiingereza, itafanywa kutoka katika Kiswahili hiki, wala si kinyume chake. Tunaamini kwamba mpangilio huo peke yake, wa kuandika Kiswahili kwanza, ungeliondoa nusu ya makosa tuliyoyataja.

Limebaki pingamizi moja lenye nguvu. Maneno ya vyombo hayafanani pwani nzima. Fundi wa Kilwa, wa Unguja na wa Lamu waweza kukiita kipande kimoja kwa majina matatu, na kazi ya baraza la lugha ni kusanifisha. Kwa vitabu vya shule twakubali. Kwa makumbusho twaona vingine: jina litumiwalo na mafundi wa mahali chombo kilipoundwa liandikwe kwanza, na lile la kamusi lifuate chini yake kwa herufi ndogo. Kwa mtepe, ambao Kilwa haina fundi aliyepata kuuunda wa kuulizwa, neno la Lamu na Wabajuni litangulie.